Nilidhani Kumlisha Ndiko Kumtunza

Nianze na chupa, maana aibu yangu ilikaa humo. Ilikuwa chupa ya asali, ya kioo, inayoingia maji lita moja na kidogo, tuliyoiweka juu ya kabati la vyombo karibu na dirisha. Ndani alikuwemo samaki mmoja mwekundu, hazidi urefu wa kidole changu, mapezi yamemshukia kama shela ya bibi harusi. Samaki wa aina hii huitwa beta. Nilimnunua Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2019, nilipokuwa nimeshusha mzigo wa mahindi, nikakumbuka kwamba nyumbani Tanga nina binti wa miaka tisa niliyemwahidi zawadi safari tatu zilizopita.

Dukani walikuwa wamewapanga kwenye vikombe vya plastiki vya juisi, kila mmoja na chake, kwa sababu madume wawili wakiwekwa pamoja huraruana. Muuzaji akanihakikishia kwamba huyu hasumbui mtu. "Hataki mashine ya hewa. Anapanda juu mwenyewe, anavuta pumzi. Hata kwenye glasi anaishi. Wewe mpe chakula tu."

Maneno yale yalinifaa, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa naishi na kila kilicho nyumbani kwangu. Mimi ni dereva wa lori. Wakati ule nilikuwa napeleka saruji Tunduma, na nilikuwa nalala kabini siku nyingi kuliko kitandani kwangu. Nikipiga simu nyumbani swali langu lilikuwa moja: "Mmekula?" Wakisema wamekula, nakata simu roho imetulia.

Binti yangu akamwita samaki Pilipili. Nami nikirudi safari nilikuwa namlisha kwa mikono miwili, tuseme. Tulipewa kikopo cha punje ndogo kama ufuta; nilikuwa nazichota kwa vidole vitatu, kama mtu anayetia chumvi mchuzini, na kuzimwaga. Punje zilipokwisha nilimpa makombo ya mkate. Siku nyingine wali. Ulizama mpaka chini na kukaa pale, mweupe, mpaka ukaota utando. Maji yakigeuka kama ya kuoshea mchele, mke wangu aliyamwaga yote, akasugua chupa kwa sabuni ya unga, akajaza mapya kutoka bombani na kumrudisha samaki hapo hapo. Tuliona tunafanya usafi.

Na kuna hili, ambalo ningependa kulificha lakini ushuhuda nusu si ushuhuda. Madereva wenzangu wakija kunitembelea, nilikuwa namwekea Pilipili kioo cha kujitazamia. Akiona sura yake alidhani ni dume mwingine: anatunisha mashavu, anatanua mapezi yote, anajitupa kwenye kioo. Tulicheka. Nilimwachia kioo kile hata saa nzima, mpaka nilipokuwa naondoka kuwasindikiza wageni.

Alikufa mwezi wa nne tangu nimnunue. Nilikuwa Makambako. Binti yangu akanipigia kwa simu ya mama yake, akaniambia Pilipili amevimba tumbo, na magamba yamemsimama mwili mzima kama ganda la nanasi, na hasogei. Nikamjibu, "Samaki tu huyo, mwanangu. Nitakununulia mwingine." Walimzika wenyewe, kwenye kopo la majani ya chai, chini ya mkungu ulioko uani.

Nilitimiza ahadi. Mwezi Julai nikaja na wa pili, wa buluu iliyoiva hadi kukaribia nyeusi, na binti yangu akamwita Kaniki. Tukamtia kwenye chupa ile ile. Sikubadilisha hata chupa.

Mwezi Septemba, nikifunga turubai juu ya mzigo, kamba ilikatika nikaanguka chini. Mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili. Nikafungwa hogo na kurudishwa Tanga, na daktari akaniambia nihesabu miezi minne. Nililalamika sana siku zile, sitasema uongo. Mtu aliyezoea kuona Kitonga na Mikumi kila wiki, leo anaangalia ukuta. Wiki ya kwanza nilitazama televisheni. Wiki ya pili umeme ukawa unakatika mchana, na kochi langu lilikuwa linatazamana na kabati la vyombo. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Ndipo nikamwona Kaniki. Namaanisha nikamwona, kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa nyumbani kwangu miezi miwili. Alikuwa amejibanza nyuma ya karatasi ya nembo ya asali, upande wenye kivuli. Kila baada ya muda alijivuta kupanda juu, akanyakua hewa kwa mdomo, akashuka kama kitu kilichoachiwa. Mapezi yake, ambayo dukani yalikuwa kama hariri, yalikuwa yameliwa kingo, yana weusi na nyuzinyuzi, kama kanga iliyotumika kudekia. Nilipofungua mfuniko alijikokota kuja juu. Nikasema ana njaa. Nikamwita binti yangu alete chakula.

Akaniangalia. "Baba, Kaniki anaumwa tangu ile safari yako ya mwisho. Si nilikwambia kwenye simu?"

Sikukumbuka. Nilijaribu sana kukumbuka, na sikukumbuka.

Jioni ile alikuja jirani yetu kunijulia hali. Ni mwalimu mstaafu, alifundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lingine isipokuwa Mwalimu. Alikuja na mfuko wa machungwa ya Muheza. Tukaamkiana, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba, pole sana baba," akaulizia mguu. Kisha macho yake yakaenda kwenye kabati, na yakakaa huko muda mrefu kuliko yalivyokaa kwenye mguu wangu.

"Huyu ni beta," alisema. "Nani amemweka humu?"

Nikamweleza alivyosema muuzaji. Alitikisa kichwa, lakini hakunikaripia, na kwa hilo namshukuru hadi leo, kwa kuwa siku ile ningekaripiwa ningejitetea tu. "Muuzaji hakudanganya kuhusu pumzi," akasema. Akanieleza kwamba beta ana kiungo cha pekee kichwani, juu ya mashavu, chenye mikunjo mingi, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Kwao ni Thailand na nchi za jirani, kwenye vinamasi na majaruba ya mpunga, maji ya vuguvugu yasiyokwenda kasi na yenye hewa kidogo, ndiyo maana Mungu akampa kiungo hicho. "Wewe unapita Mombo ukienda Moshi. Umeyaona majaruba pale. Maji yake yanafika wapi?" Nikasema kwenye kifundo cha mguu, pengine chini ya goti. "Na upana?" Nikanyamaza. Jaruba lina kina kifupi, lakini samaki ana uwanja mzima wa kuzunguka, ana majani ya kujificha, ana wadudu wa kula. Chupa ya asali ina kina kifupi tu.

Halafu akauliza lililonikata. "Wewe ni dereva. Ukifungiwa kwenye kabini, madirisha yamepandishwa, moshi wa injini unaingia ndani. Mtu anakupitishia sahani ya pilau dirishani mara tatu kwa siku. Utasema anakutunza?"

Samaki, Mwalimu alisema, anakula, ananya na kulala mle mle. Taka zake, na chakula kilichobaki, hugeuka amonia, nayo humuunguza mashavu na ngozi. Kwenye maji mengi yaliyokaa vizuri kuna bakteria wa aina mbili: hawa wanaila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, wale wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kujenga makazi yao. Sisi kila wiki tulikuwa tunawaua kwa sabuni ya unga, kisha tunamwagia samaki maji ya bomba yenye klorini, halafu tunamlisha kama ng'ombe wa kunenepesha ili aichafue upya. Kuvuta hewa juu kulimsaidia asikose pumzi. Hakukumsaidia kuepuka sumu aliyokuwa anaogelea ndani yake.

Na mkate? Beta hali ngano wala wali. Ni mla nyama: viluwiluwi vya mbu, vidudu vinavyoanguka majini, wanyama wadogo wa majini. Watu wanaowafuga huwa wanakumbuka kwamba tumbo lake ni dogo, wakalilinganisha na jicho lake mwenyewe. Nililitazama jicho la Kaniki. Nikakumbuka vidole vyangu vitatu.

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, mjukuu wa Mwalimu alibisha hodi na tangi la kioo alilokuwa amelifunika shuka. Lilikuwa la zamani, pembe zimezibwa upya kwa silikoni, linaingia dumu moja kamili, yaani lita 20. Pamoja nalo kulikuwa na kipampu kidogo cha hewa na kipande cha sponji kilichojaa uchafu wa kahawia, kimetoka kwenye tangi la Mwalimu mwenyewe, anakofuga samaki wengine. Ujumbe ulikuwa: sponji lisioshwe hata kidogo, huo uchafu ndio mali. Bakteria ambao ingenichukua zaidi ya mwezi kuwapata, nililetewa mlangoni, bure, na mtu ambaye kwa miaka sita ya ujirani sikuwahi kumtembelea akiumwa.

Alipokuja mwenyewe kuona tangi limewekwaje, mbali na dirisha ili maji yasipigwe na jua mchana na kupoa ghafla usiku, alinyoosha mkono kuelekea uani. "Dawa yake nyingine mnaifagia kila siku na kuichoma."

Ni majani ya mkungu. Huu huu mkungu wetu wa pwani, ambao watoto wanaugombania matunda na sisi tunaulaumu kwa kuchafua uwanja. Wafugaji wa Thailand hutumia majani yake makavu kwa ajili ya beta: yakilowekwa hutoa tanini, maji yakawa na rangi ya chai, yakamtuliza samaki na kuzuia kidogo vijidudu vya ugonjwa. Yawe yameanguka yenyewe na kukauka, si mabichi, na yaoshwe. Mwalimu alionya kwamba si dawa ya kila kitu, na jani halisafishi maji machafu. Lakini mimi nilibaki kwenye kochi nikimtazama mke wangu akiokota jani moja jekundu-kahawia kutoka chini ya mti ule ule walipomzika Pilipili.

Ningependa kusema kuanzia siku ile yote yalinyooka. Hayakunyooka. Kipimo nilichopewa kilikuwa punje tatu asubuhi, mbili jioni, na siku moja kwa wiki asipewe kitu, ili tumbo lipumzike. Tukachagua Ijumaa. Binti yangu alifuata. Mimi, mtu mzima, nilishindwa. Usiku wa Ijumaa ya pili nilishindwa kulala kwa maumivu, nikawasha taa, Kaniki akaja mbele ya kioo akijipindapinda, na huruma ikanishika, ikiwa kweli ni huruma. Nikamtilia punje, nikaongeza, nikahisi nimetenda wema. Usiku uliofuata nikarudia. Jumapili asubuhi nilimkuta amelala ubavu chini ya tangi, tumbo limejaa upande mmoja, akijaribu kuinuka na kuanguka.

Sikumwambia binti yangu kwa saa nzima. Kisha nikamwambia, kwa kuwa ndiye angeulizwa na Mwalimu. Hakukasirika. Alileta daftari alilokuwa anaandika punje za kila siku, akaandika kwa penseli: "Ijumaa usiku, Baba, hazijulikani." Kikopo akakihamishia chumbani kwake.

Alifunga siku mbili, Kaniki. Mimi nikajifunza kubadilisha maji kwa magongo. Ndoo ya maji ya bomba ilikaa wazi usiku kucha na mchana wake ili klorini itoke, na ili joto lake lilingane na la tangi. Kisha nachota robo ya maji ya tangi, kama lita 5, kwa mpira mwembamba, ninavyofyonza dizeli, nikipitisha ncha chini kunyonya mabaki. Narudishia kiasi hicho hicho taratibu. Sponji nalikamulia kwenye maji niliyoyatoa, si bombani. Maji hayafiki ukingoni, abaki na nafasi ya hewa, na juu kuna mfuniko, kwani beta huruka. Kazi ya nusu saa kwa wiki. Wakati mwingine miaka yetu yote ya uzembe inatibika kwa nusu saa kwa wiki, na tunajiambia hatuna muda.

Siku ya tatu alikuwa ameinuka.

Kuhusu viluwiluwi tulikosana kidogo na mke wangu. Mimi nilitaka kuweka ndoo uani mbu watage, yeye akauliza kama mguu umenipanda kichwani, mji huu wenye malaria mtu afuge mbu. Alikuwa na haki. Tukakubaliana: ndoo haivuki siku tano, binti yangu anavua viluwiluwi kwa chujio la chai, anavisuuza, anampa vitatu au vinne, na maji yanayobaki yanamwagwa kwenye mchanga mkavu kabla chochote hakijaota mabawa. Hujamwona beta kama hujamwona akiwinda kiluwiluwi. Anasimama kabisa majini, anajikunja kidogo kama herufi S, macho yote mawili mbele. Kisha hakuna tena kiluwiluwi.

Mwezi Novemba, mapezi yake yalianza kurudi. Sehemu mpya huota bila rangi, angavu kama nailoni, mpaka ukidhani pezi limeisha pale buluu inapokoma. Unahitaji mwanga wa upande kuiona. Nilikuwa namwita kila aliyepita sebuleni aje aone. Asubuhi moja nikakuta juu ya maji, chini ya jani la mkungu lililokuwa linaelea, kishada cha mapovu madogo yaliyoshikana, upana wa kiganja cha mtoto. Dume wa beta hujenga hivyo kwa mapovu ya mate yake, ili jike akitaga, ayaokote mayai kwa mdomo na kuyapachika humo, ayalinde peke yake. Hakuwa na jike, lakini alijenga. Nililia, kwa kweli, na sikuweza kumweleza mke wangu kwa nini. Nilimpigia Mwalimu kumpa habari njema. Akacheka. "Usijisifu sana baba, hujenga hata kwenye maji mabaya." Basi. Lakini kwenye chupa ya asali hakuwahi kujenga.

Nikiwa pale pale kwenye kochi, kwa mazoea ya kutazama yaliyokuwa yameniingia, niliona jambo lingine. Binti yangu alikuwa anaandika daftari lake la punje pembeni ya tangi, na pua yake ilikuwa karibu iguse karatasi. Nikamwambia asogee nyuma. Akasogea, kisha akarudi. Nikamuuliza ubaoni shuleni anaonaje. Akasema anamwangalizia jirani yake, tangu darasa la pili. Alikuwa darasa la nne. Tulimpeleka akapimwa macho wiki iliyofuata, mimi na magongo yangu, na alipovaa miwani mara ya kwanza alisimama nje ya kliniki akiutazama mkungu wa barabarani, akauliza kama siku zote majani yalikuwa mengi hivyo.

Huenda na wewe una chupa mahali fulani juu ya kabati. Sikulaumu, mimi nilikuwa nazo mbili.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka ule ule wa 2019, mwezi Februari, wakati mimi namwekea Pilipili kioo ili wageni wacheke, serikali ya Thailand ilimtangaza beta kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kwao humwita pla kat, samaki anayeuma. Wangu hakuwahi kumuuma mtu.

Nilirudi barabarani mwaka 2020. Beta haishi sana. Akitunzwa, miaka mitatu, au zaidi kidogo. Kaniki alitupa hadi 2022. Mwishoni buluu yake ilififia usoni ikawa kijivu, akawa mvivu wa kupanda. Binti yangu alipachika jani pana la mkungu karibu kabisa na uso wa maji, akawa analala juu yake na kuvuta hewa bila kusafiri. Hilo hakufundishwa na mtu.

Nilikuwa Makambako tena aliponipigia, safari hii kwa simu ya mama yake lakini sauti ya msichana wa miaka kumi na miwili. Alisema asubuhi alikula punje moja, ya pili akaitema, na sasa amelala kwenye jani lake na hapumui tena. Nilikuwa nimeegesha lori karibu na mizani. Nikazima injini.

"Baba," akasema, "usininunulie mwingine kwanza."

Nikamwambia sawa. Nikamuuliza atamzika na nini, akaniambia. Nikamuuliza alimwonaje jana yake, na juzi yake, akaanza kunisimulia, na wenzangu wakawa wananipigia honi nyuma, na sikutoka pale mpaka salio lilipokata.